Nilikula Siagi Wiki Tisa, Suti Ikazidi Kunipwaya

Kwa wiki tisa mfululizo nilikula mkate, siagi na jibini kila siku, na kwa wiki tisa hizo suti yangu ya harusi ikazidi kunipwaya.

Soma tena ukitaka. Sijakosea kuandika.

Naitwa Eskild. Nina miaka hamsini na minne, naishi Kerteminde, kisiwa cha Fyn, Denmark. Kazi yangu ni kukagua mizani. Nazunguka kwenye maduka ya samaki, bucha na maduka ya dawa nikiwa na sanduku la mawe ya kupimia, ya shaba. Nikikuta mizani inadanganya, naipiga lakiri, na siku hiyo haipimi tena kitu.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kupigwa fiksi. Mimi ni mtu wa kupima.

Ndiyo maana kilichonipata, watu wa mtaani kwetu wanakisimulia hadi leo.

Chanzo ni ahadi. Siku ya harusi yetu, mbele ya wageni sitini na wanne, nilisimama na glasi mkononi nikasema kwamba tukitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, nitavaa suti ileile. Wakati huo nilikuwa na kilo sabini na tatu. Mtu wa kilo sabini na tatu anaweza kuahidi chochote.

Shemeji yangu Tage, kaka yake mke wangu, hakusahau. Kila Krismasi alinipigia simu kutoka Aarhus.

"Shemeji, ile suti bado ipo?"

"Ipo."

"Na wewe bado unaingia?"

Halafu anakata simu huku anacheka.

Nikaingia kwenye dayati. Katika miaka kumi na moja nilifanya nane. Ya supu ya kabichi. Ya mayai matupu. Ya kula kwa saa sita na kunung'unika kwa saa kumi na nane. Kila moja ilinipunguza kilo nne na kunirudishia tano. Takwimu ninazo.

Ya nane ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu niliichanganya na kazi. Nilileta mezani mizani ndogo ya ofisini, ile inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, nikawa napima kila kinachoingia mdomoni.

Tarehe tano Mei mwaka jana, wakati wa chakula cha jioni, niliweka tango kwenye mizani. Ikasoma gramu mia moja na nne. Nikakata kipande. Mia moja na moja. Nikachukua kisu tena.

Mke wangu Vibeke akaweka uma chini.

"Eskild."

"Ngoja kidogo."

"Leo hatungoji. Zimebaki wiki tisa na siku chache. Majirani watakuja kufunga tao la matawi ya msonobari mlangoni petu, wataimba, watakula, watakunywa. Na mimi nitakaa meza kuu pembeni ya mtu anayepima tango?"

"Imebaki gramu moja tu."

"Basi sikia. Tarehe kumi na mbili Julai mimi naweza kwenda zangu kwa dada yangu. Wewe utabaki hapa na mizani yako, majirani wawaimbie ninyi wawili. Mtapendeza."

Hakuwa anatania. Vibeke akitania, mdomo wake hupanda upande mmoja. Siku hiyo pande zote zilikuwa zimetulia.

"Na suti je?" nikauliza.

"Suti ni kitambaa. Mimi nashinda na vitambaa kutwa nzima. Sijaona hata kimoja kinachostahili mtu akonde roho."

Hilo ni kweli. Vibeke anashona mavazi ya waigizaji wa jukwaani huko Odense.

Nikalitazama tango. Nikamtazama mke wangu. Miaka kumi na moja ya takwimu zangu ilikuwa inasema jambo moja tu, kwamba dayati hazifanyi kazi, na mimi ndiye nilikuwa nakataa kuisoma.

Nikazima mizani.

Nikampa neno langu: hakuna dayati tena, na sitapanda juu ya mizani yoyote hadi siku ya sherehe. Kesho yake asubuhi aliichukua mizani ya bafuni, akaifunga nyuma ya baiskeli kama mtoto, akaipeleka mwenyewe kwenye kituo cha kutupia vyombo vya zamani.

Mimi siku hiyo nilikuwa nafanya kazi za makaratasi nyumbani. Saa sita mchana nikatoka kwenda bustanini na sahani.

Naomba niieleze sahani hiyo kwa usahihi.

Kipande kimoja cha mkate mweusi, kizito, chenye mbegu, unene wa milimita nane. Juu yake siagi, ya kutosha kuacha alama ya meno. Juu ya siagi, jibini nyeupe laini, ile ya kwetu Fyn inayofukizwa moshi wa majani makavu ya shayiri hadi inashika rangi ya kahawia mgongoni. Halafu figili zilizokatwa nyembamba hadi zinapitisha mwanga. Tango, bila kupimwa. Majani ya kitunguu yaliyokatwakatwa, na chumvi kidogo. Juu hapana kipande kingine cha mkate. Unakiona chote unachokula, na kinakuona.

Nikakata kwa kisu na uma, kona ya kwanza.

Figili ikalia mdomoni. Moshi ukaja nyuma yake taratibu. Siagi ikafunga kazi.

Nilikaa nikitazama ua wa jirani kama mtu aliyepigwa shoti. Kipande kizima kilikuwa chepesi, kisingemshinda mtoto, na bado kilikuwa chakula zaidi ya vyote nilivyokula tangu Januari. Nikamaliza, nikalamba kisu, nikatazama kama kuna mtu ameniona.

Jirani yangu Gorm alikuwa ameniona.

"Umelamba kisu," akasema kutoka upande wa pili wa uzio.

"Ndiyo."

"Sawa. Nilitaka tu ujue kuna shahidi."

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilifungua kabati kwa mazoea. Kila Jumapili nilikuwa nikiivaa ile suti na kupima pengo kati ya kifungo cha suruali na tundu lake, kwa kipimo cha chuma, kwa sababu cha kitambaa huvutika. Jumapili iliyotangulia pengo lilikuwa sentimita kumi na moja.

Nikavaa. Nikapima.

Tisa na nusu.

Nikapima mara tatu. Nikaenda jikoni nikiwa nimeishika suruali kwa mkono.

"Vibeke. Imepungua sentimita moja na nusu."

Alikuwa anakata figili. Hakugeuka.

"Labda ni kwa sababu umeacha kununa."

"Kununa hakuna ujazo."

"Kwako kulikuwa nao, mume wangu. Kaa, chakula tayari."

Wiki ya pili, nane. Wiki ya tatu, sita na nusu. Mimi huyo nakula kile kipande kila mchana, nyumbani kwenye sahani, kazini kwenye kisanduku. Wiki ya nne, tano.

Nikachora grafu. Ilitoka mstari ulionyooka kabisa.

Katika miaka thelathini ya kazi sijawahi kuona kitu cha asili kinachotoa mstari ulionyooka namna hiyo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Niliupenda.

Ukishapata grafu, unatafuta nadharia. Yangu ilikuwa kwamba mkate mweusi unatafunwa sana, moshi wa jibini unaushtua mwili, na figili zinamalizia. Nilimweleza Gorm kwenye uzio, nikiwa na karatasi mkononi.

Gorm ni dereva wa treni mstaafu. Ana tumbo linalofika kabla yake.

"Kwa hiyo nakula siagi, nakonda?"

"Matokeo ndivyo yanavyoonyesha."

"Bwana we, nimeishi miaka sitini na nane nikisubiri sayansi ya aina hii."

Gorm hakai na siri. Kufikia katikati ya Juni mtaa mzima ulikuwa unakula mkate wa jibini ya moshi mchana, bustanini, hadharani. Alhamisi, siku jibini inapoletwa dukani, ilikuwa inakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Watu walinisimamisha njiani kuuliza unene wa mkate. Nilikuwa najibu kwa milimita.

Aliyekataa kuamini ni mmoja tu, Dagny, muuguzi anayeishi mkabala na sisi.

"Eskild, Gorm ananenepa."

"Huenda mizani yake ni mbovu."

"Basi ikague. Si ndiyo kazi yako?"

Gorm ana mizani kubwa ya zamani gerejini, ya sakafuni, yenye sindano. Tarehe ishirini Juni nilikwenda na mawe yangu ya shaba nikaikagua yote, kwa sababu Gorm naye alikuwa ameanza kuilaumu. Kosa lake lilikuwa gramu hamsini. Kwa umri wake, mizani ya heshima kabisa.

Kisha nikampima Gorm mwenyewe. Alikuwa ameongezeka kilo tatu na gramu mia mbili.

"Unakula vipande vingapi?"

Akakuna shingo. "Kwa siku au kwa mkao?"

"Kwa mkao."

"Vinne."

Basi, nikamwambia Dagny, tatizo si nadharia, tatizo ni Gorm. Dagny akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayejiandikia dawa.

Tage naye alipiga simu mwezi huohuo.

"Shemeji, nimesikia unakula siagi. Nikuletee hema la kuvaa?"

"Pengo ni sentimita mbili."

"Mbili? Hongera, bwana. Unatisha."

Wiki ya nane kifungo kilifunga. Wiki ya tisa vidole viwili vilipita kiunoni. Vibeke alisimama mlangoni akiniangalia nikijigeuza mbele ya kioo, na mdomo wake ulikuwa umepanda upande mmoja. Nilidhani ni mapenzi tu.

Tarehe kumi na mbili Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarumbeta ikalia chini ya dirisha letu. Kwa desturi wanandoa wanatakiwa watoke kama watu walioamshwa usingizini. Mimi nilitoka nimevaa suti ya harusi, imefungwa vifungo vyote, chini ya tao la msonobari, na majirani arobaini wakaacha wimbo katikati wakapiga makofi.

Gorm alilia. Alikuwa amevaa shati ambalo vifungo viwili vya chini vilishakata tamaa.

Nitasema ukweli, kwa saa tano zilizofuata nilikuwa mtu mwenye furaha isiyo na kipimo, na hilo ni neno ambalo silitumii ovyo. Tulikula bustanini. Watu waligonga glasi kwa visu, nasi tukapanda juu ya viti na kubusiana. Wakagonga tena, tukapanda tena. Vibeke alicheka hadi nywele zikamfunguka.

Halafu wakasema soksi.

Kwetu, kwenye harusi, wanaume humwinua bwana harusi juu, humvua viatu, hukata ncha za soksi zake kwa mkasi, asitoke kwenda kutamba kwa wanawake wengine na vidole nje. Miaka ishirini na mitano ikitimia, anainuliwa tena.

Harusini waliniinua wawili. Safari hii walikuja wanne, Tage akiwa begani na Gorm mguuni.

"Moja, mbili, tatu," Tage akahesabu.

Sikuondoka chini.

"Subirini, mgongo," Gorm akasema.

"Shemeji, umeweka yale mawe yako mfukoni?"

"Yako kwenye sanduku," nikajibu.

Mara ya pili nilipanda nusu mita. Mkasi ukapata soksi ya kushoto. Kabla haujafika ya kulia, nilikuwa nimerudishwa kwenye nyasi, tena si kwa upole.

Dagny akasimama na glasi yake.

"Mimi nainua wagonjwa kila siku. Mtu aliyepungua sentimita kumi na tatu kiunoni hawashindi wanaume wanne. Eskild, kapande mizani."

"Dagny, kuna keki," Vibeke akasema haraka.

"Keki itangoja."

Nilimgeukia Vibeke. Neno nililompa lilikuwa hadi siku ya sherehe, na siku ilikuwa imefika.

"Eskild, si lazima," akasema.

Lakini mimi nilitaka. Nilikuwa na uhakika. Nilitaka Dagny aone kwa macho yake.

Gereji ya Gorm iko hatua ishirini tu. Wageni wote walinifuata na glasi zao. Nikapanda, na soksi moja nzima na nyingine nusu. Sindano ikazunguka, ikatetemeka, ikatulia.

Kilo tisini na nane na gramu mia mbili. Toa suti, kilo moja na gramu mia tisa. Baki tisini na sita na mia tatu.

Mwanzoni mwa Mei nilikuwa na tisini na nne na mia sita.

Nje kulikuwa na nyuki, nikamsikia.

"Mizani ya Gorm mbovu hiyo," Tage akasema.

"Niliikagua mwenyewe tarehe ishirini Juni. Kosa lake ni gramu hamsini."

Nikafikiri kwa utaratibu. Mizani ilikuwa sahihi. Kipimo cha chuma kilikuwa sahihi. Mwili wangu ulikuwa umeongezeka. Kilichobaki bila kukaguliwa kilikuwa kitu kimoja tu, na nilikuwa nimekivaa.

Nikavua koti palepale juu ya mizani. Nikaligeuza ndani nje, nikalielekeza kwenye mwanga wa mlango.

Chini ya kwapa, kutoka juu hadi kwenye pindo, kulikuwa na ukanda wa kitambaa ambao haukuwapo siku ya harusi. Mshono ulikuwa mzuri sana. Nikakunja kiuno cha suruali, hali ileile. Na kando ya mshono kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, safu baada ya safu, mahali uzi ulipofumuliwa na kushonwa upya, kufumuliwa na kushonwa upya. Nikazihesabu. Tisa.

Sentimita moja na nusu kati ya safu na safu.

"Kila Jumanne," Vibeke akasema. "Ukiwa kazini."

"Kwa nini si kwa mara moja?"

"Ningekupa sentimita kumi na tatu kwa siku moja, ungeita polisi. Nilikupa moja na nusu kwa wiki, ukaiita sayansi."

Gereji nzima ikalipuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa bado na swali.

"Kitambaa hiki hakitengenezwi tena. Nimeulizia mara mbili. Umekipata wapi?"

Vibeke alimtazama kaka yake. Tage alikuwa anatazama dari ya gereji kwa makini makubwa.

Ndipo nikakumbuka ni nani alikuwa msimamizi wangu harusini, na kwamba suti zetu sote wawili zilikatwa kutoka kwenye jora moja.

"Tage."

"Nimebakiwa na mikono ya koti na mguu mmoja wa suruali," akasema. "Havivaliki, nimeshajaribu."

"Na simu zako zote zile?"

"Ningenyamaza ghafla ungeshtuka, shemeji. Dada alinipigia Mei akilia kwa ajili ya tango. Mimi nikamwambia kata, dada, kata yote."

Miaka ishirini na mitano nilidhani mtu huyu anasubiri nianguke.

Hapo nikaanza kucheka. Nilikuwa bado juu ya mizani, na sindano ikaanza kucheza, tisini, mia moja na tano, themanini na nane, mia moja na kumi, na watu walipoiona wakazidi kucheka, na mimi nikizidi inazidi. Ndiyo mara pekee nimewahi kuona kicheko kikisomeka kwa kilo.

Gorm akainua mkono.

"Samahani. Kwa hiyo mimi na vipande vyangu vinne, nani alikuwa ananishonea mimi?"

"Leta suruali Jumanne," Vibeke akamwambia.

Jumanne hiyo watu kumi na wanane walileta suruali.

Sasa funzo, maana najua mmelisubiri. Ukipata matokeo yanayokufurahisha sana, kikague kipimo kabla hujachora grafu. Kisha uliza nani amekigusa usipokuwapo. Ukikuta ni mtu anayekupenda, usimpige lakiri. Kaa chini ule.